TAHARIRI: MOTO HAUNGOJI MKUTANO

Ndugu wanachama na wanakijiji wote,

Wiki iliyopita moto ulishika nyumba ya mwanachama mwenzetu, karibu kabisa na ghala la pamba la ushirika. Tulitoka wengi, wake kwa waume, kila mtu na ndoo yake. Kwa hilo tunapongezana. Watu walipona, lakini nyumba iliteketea pamoja na mahindi ya mwaka mzima. Ghala lilinusurika kwa kuwa upepo uligeuka. Tusidanganyane kwamba ni ujanja wetu.

Linalotuuma ni hili. Moto ulipokwisha tuliulizana: nani kapiga simu Zimamoto? Sisi wa kamati tulidhani Mwenyekiti wa Kijiji kapiga. Mwenyekiti alidhani kamati imepiga. Ikabainika ni kijana mmoja tu aliyepiga, akasema, "Njooni upesi, kijiji kinaungua!", akakata simu na kukimbilia ndoo. Kijiji gani? Hakusema. Hatumlaumu, maana hakuna aliyemfundisha.

Basi tujifunze leo. Namba ya Zimamoto ni 114. Ni bure. Ukikosa kuwapata, piga 112 ya Polisi. Anayepokea simu hakai hapa kwetu. Hajui mwembe wetu wala kisima chetu. Kwa hiyo mweleze pole pole, kwa mpangilio huu:

1. Mahali: mkoa, wilaya, kata, kijiji na kitongoji. Taja na kitu kinachoonekana toka barabara kuu, kama vile shule au mnara wa simu.
2. Kinachoungua: nyumba, ghala, gari au pori. Kama kuna petroli, mtungi wa gesi au dawa za pamba, sema.
3. Watu: je, kuna mtu amenasa ndani au ameungua?
4. Njia: gari lipite wapi, daraja lipi ni bovu, maji yapo wapi.
5. Jina lako na namba yako.

Usikate simu mpaka uambiwe. Halafu simu iwe wazi, maana watakupigia wakiwa njiani.

Wapo wasemao, "Gari litoke mjini huko, si litakuta majivu?" Ni kweli mji uko mbali. Hiyo ndiyo sababu ya kupiga mapema, siyo sababu ya kutopiga. Tunapiga simu na ndoo zinaendelea. Kimoja hakizuii kingine. Tena pamba si nyasi. Moto wa pamba hujificha ndani ya rundo. Juu waona umezimika, kumbe chini unafuka, na usiku unaibuka upya. Huo unahitaji watu wenye vifaa, hata wakichelewa.

Kuanzia sasa tunapendekeza hivi: anayeuona moto kwanza apige yowe, watu watoke ndani, kisha amtaje mtu mmoja kwa jina: "Wewe fulani, piga 114!" Tukisema "pigeni simu", hapigi mtu. Mwingine akimbie njia panda na tochi akalipokee gari. Na mikokoteni inayoachwa katikati ya njia ya ghala iondolewe leo hii. Punda atapita, lakini gari la Zimamoto halitapita.

Wazazi, waelezeni watoto kuwa 114 siyo mchezo. Anayepiga simu ya uongo anaweza kulipeleka gari huku wakati mtu anaungua kwingine, na tena ni kosa kisheria.

Namba tumeiandika kwa chokaa kwenye mlango wa ghala. Asiyejua kusoma asomewe, aishike kichwani.

Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Ni kweli. Ila kubonyeza 114 kidole kimoja chatosha. Ndugu, kiwe chako. Usingoje cha jirani.

Umoja ni nguvu.

Kamati ya Ushirika