Eti Mbwa Hasikii Uchungu

Kuna sentensi moja nimechoka nayo. Utaisikia kila mbwa jike akitoka kufungwa kizazi: "Ah, huyo ni mbwa, atapona tu." Atapona, ndiyo. Mimi nauliza atapona vipi.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Si kudungwa sindano tu. Daktari anapasua tumbo, anapita ngozi na msuli, anatoa ovari na mji wa mimba, kisha anashona tabaka kwa tabaka. Mwanamke akifanyiwa hivyo, nani atathubutu kumwambia aende nyumbani akavumilie? Mbwa tunamrudisha kwa buti la gari, tunamlaza kwenye simiti, basi.

"Lakini alikuwa amelala, hakusikia kitu." Sawa. Usingizi unaisha siku ile ile, kidonda kinabaki. Wengine watakwambia uchungu ni mzuri, unamfanya atulie asifumue nyuzi. Kwani kola na kamba ni za nini? Uchungu humnyima chakula na usingizi, na mwili usiokula hauponi haraka.

"Mbona halii?" Mbwa huficha. Mtazame vizuri: amekunja mgongo, anatetemeka, anahema hata hakuna jua, anakataa ugali aliokuwa akiugombania jana, anakwepa mkono ukikaribia tumbo. Kunyamaza kwake si kukubali. Kosa hili tuliwahi kuwafanyia hata watoto wetu. Mpaka miaka ya 1980, kuna hospitali katika nchi tajiri zilizowapasua watoto wachanga bila dawa ya kutosha, kwa imani kwamba hawausikii uchungu kama sisi. Nao hawakuwa na maneno ya kujitetea.

Na si eti hatujui la kufanya. WSAVA, muungano wa dunia wa vyama vya madaktari wa wanyama wadogo, ulitoa mwongozo wa kutibu maumivu mwaka wa 2014, ukaurekebisha 2022. Uchungu unazuiwa kabla ya kisu, si baada ya mbwa kuanza kulia. Nyumbani anaendelea na vidonge vya siku chache, kwa mfano meloksikamu, kwa kipimo cha uzani wake, vile daktari ameandika. Na tafadhali, usimpe brufeni yako: inaweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo.

Najua jibu linalokuja: pesa hakuna. Kuna watu kweli hawana, na hao siwasemi. Namsema yule aliyepata za ukuta, za geti na za waya wa umeme, halafu akifika kwa vidonge vya mlinzi wake wa usiku anaanza kupunguza bei.

Bei ya upasuaji isiyo na dawa ya maumivu ndani yake ni bei nusu. Hiyo nusu nyingine mbwa ndiye anailipa. Kwa hivyo kabla hujatoa M-Pesa, uliza: atapewa nini kabla ya kisu, nini baadaye, na kwa siku ngapi? Ukijibiwa "ni mbwa tu", mchukue mbwa wako, utafute daktari mwingine.