POMBE SI DAWA YA WASIWASI



Liko neno moja tulijualo sote lakini hatulisemi mikutanoni, nalo ni hili: wengi katika sisi makarani hawanywi pombe kwa furaha, wanywa kwa hofu. Mkaguzi wa hesabu atakuja wiki ijayo; barua ya uhamisho imeonekana juu ya meza ya mkubwa; mshahara umekwisha tarehe 15 na ada ya shule haijalipwa. Jioni mtu hupita kilabuni, akapata chupa mbili tatu, kifua kikalegea, akasema, "Afadhali sasa." Hatukusudii kumhukumu mtu huyo, wala kumhubiri; kazi hiyo inao wenyewe. Twataka kuikagua hesabu yake tu, kama itupasavyo watu wa madaftari, tuone kama yalingana.

Kwanza, hasemi uongo. Pombe hutuliza kweli. Katika ubongo mna kemikali iitwayo GABA, kazi yake kupoza, na nyingine iitwayo glutameti, kazi yake kuamsha. Pombe huitia nguvu ile ya kwanza na kuizuia ile ya pili, ndipo hofu ikapungua. Lakini ubongo haukubali kuelemewa upande mmoja. Ukipozwa kila siku, nao hupunguza upozaji wake na kuzidisha uamshaji, ili mizani isimame sawa.

Sasa tutazame upande wa pili wa daftari. Chupa ya bia ya nusu lita, yenye nguvu ya asilimia 5, ina gramu 20 hivi za kileo, na mwili huondoa kama gramu 7 hadi 10 tu kwa saa. Basi chupa nne huchukua saa 8 au zaidi. Kileo kinapotoka, ule uamshaji uliozidi hubaki peke yake: usingizi hukatika kabla ya alfajiri, moyo hupiga mbio, jasho hutoka, mikono hutetemeka, na hofu hurudi kubwa kuliko ya jana. Mtu hudhani amwogopa mkaguzi, kumbe sehemu ya hofu ile ni pombe inayodai. Naye akifika kazini hali hiyo, hukosea kujumlisha, na hapo mkaguzi apata sababu ya kuogopwa kweli.

Wako wasemao, "Dawa ya moto ni moto," nao huzimua asubuhi. Twawajibu kwa methali nyingine: dawa ya deni ni kulipa. Utulivu wa pombe ni mshahara uliochukuliwa mbele. Anayezimua hukopa tena ili alipe mkopo wa jana, na riba yaongezeka.

Waganga wameona kwamba wengi wa walevi wenye wasiwasi, wakiisha kuacha pombe kwa wiki chache, wasiwasi wao hupungua sana. Ambao haupungui, hao wana ugonjwa wa wasiwasi wenyewe, nao una matibabu yake ya mazungumzo na ya dawa. Kwa hiyo ni vigumu mtu kuujua wasiwasi wake wa kweli kabla hajauona bila pombe.

Lakini twaonya: anywaye sana kila siku asiache ghafula peke yake. Mitetemeko huanza katika saa 6 hadi 24. Kifafa chaweza kumpata katika siku 2 za kwanza. Na baina ya siku ya 2 na ya 4 aweza kuweweseka, hata kufa. Aende kwa daktari, aseme kweli kiasi anywacho. Wala asichanganye pombe na vidonge vya usingizi, kwani vyote viwili huzuia pumzi. Atakaye kujipima, yako maswali 10 yaliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1989, yaitwayo kwa kifupi AUDIT, neno ambalo karani hahitaji kufasiriwa. Apataye alama 8 au zaidi, na amwone mganga.

Na chama chetu je? Twaona yatupasa mambo matatu. Mwanachama aendaye hospitali kwa ajili ya pombe ahesabiwe mgonjwa kama mwenye malaria, asisengenywe. Karamu za kuagana zigharimiwazo na mfuko wetu ziwe na chai na soda za kutosha, ili asiyekunywa asionekane mgeni. Tena, habari za uhamisho wa ghafula na mishahara ichelewayo zipelekwe kwa wakubwa kwa barua na kwa umoja. Haifai kumnyang'anya mtu chupa, tukamwachia hofu ile ile iliyompeleka kilabuni.

Wanachama walio na maoni juu ya mambo haya wayalete katika mkutano ujao.