Mama Asiachiwe Uamuzi Peke Yake

Kipimo cha ultrasaundi kimewapa faraja wajawazito wengi wa mikoani. Kimeleta pia mzigo ambao bibi zetu hawakuujua: kuambiwa, mtoto akingali tumboni, kwamba ana mgongo wazi au kichwa kinajaa maji. Kwingine duniani habari hiyo hufuatwa na swali la kuendelea na mimba au kuikatisha. Kwetu Kanuni ya Adhabu hairuhusu mimba kutolewa ila kwa kuokoa maisha ya mama, na kwa hiyo wapo wanaodhani kwamba familia haina tena la kuamua. Wanakosea.

Tuitazame Ilula, mji wa wakulima wa nyanya kando ya barabara kuu ya Iringa. Mtoto mwenye mgongo wazi hufaa kufanyiwa upasuaji katika siku mbili tatu za mwanzo, kabla vijidudu havijaushambulia uti wa mgongo. Taasisi iliyobobea katika kazi hiyo, MOI ya Muhimbili, iko zaidi ya kilometa 400 kutoka hapo. Je, mama ajifungulie wapi? Nani amsindikize? Nyanya zilizo shambani ziuzwe kwa bei yoyote atakayotaja dalali, ili nauli ipatikane? Watoto wengine wabaki na nani? Maamuzi hayo hayangoji uchungu uanze.

Lakini mara nyingi mama hurudi nyumbani na habari hiyo peke yake, na badala ya kupanga safari, ukoo hukaa kumtafuta mchawi. Ndugu zetu wauguzi hawana budi kumwita na baba, wawaeleze wote wawili kwa Kiswahili chepesi: uti wa mgongo hujifunga katika siku 28 za mwanzo, wengi wakiwa hawajajua hata kama wana mimba. Upungufu wa foliki asidi ni sababu mojawapo. Vidonge vya kliniki huwa vimechelewa kwa hilo, na kanuni za mwaka 2011 za kuongeza virutubishi zililenga unga wa viwandani, si mahindi tunayosaga kijijini. Walimu wa sayansi wangeweza kuwafundisha wasichana jambo hili mapema.

Halafu kuna ofisi zetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka likizo ya baba kuwa angalau siku 3. Safari ya Muhimbili na kurudi humaliza 2. Baba wa mtoto huyu akija kuomba ruhusa, mkuu wa idara ampe.