Mbio za Mtu Mzima Ng'ambo

Mzungu akisikia watoka Kenya, neno lake la pili huwa ni mbio. Nimekaa hapa London miaka kumi na mmoja, na siwezi kuhesabu ni mara ngapi nimeulizwa kama nami ni hodari kama akina Kipchoge Keino na Eliud Kipchoge. Ukimwambia kwamba hao ni watu wa bara, na kwamba Iten, mji wa wakimbiaji, uko kiasi cha mita 2,400 juu ya bahari ilhali sisi wa Mombasa tumezaliwa baharini penyewe, hudhani wajidunisha tu. Kwetu mtu mzima akionekana yuko mbioni njiani, watu huuliza kuna msiba gani, au mwizi amepita wapi.

Mimi sikupata kukimbia tangu nilipotoka skuli, na sasa nina miaka 46. Kazi yangu ni ya kukaa kitako kutwa. Miezi ya baridi jua huchwa mapema kabla sijatoka kazini, na sisi jamaa wa pwani tukikutana ni biriani, mahamri na chai ya maziwa. Mwaka jana daktari alinipima damu akaniambia sukari imeanza kupanda. Marehemu babangu alikatwa mguu kwa maradhi hayo hayo, kwa hivyo sikungoja kuambiwa mara ya pili.

Wengi waanzao mbio hutoka kama waliofukuzwa na ng'ombe. Baada ya dakika mbili pumzi zimekatika, nao huapa hawarudii tena. Mimi nilifuata mpango uliotungwa mwaka 1996 na Mmarekani mmoja, Josh Clark, aliyetaka kumsaidia mamake mzazi, mama wa miaka hamsini na kitu. Mpango wenyewe ni wa wiki tisa, siku tatu kila wiki. Wiki ya kwanza wakimbia sekunde 60, watembea sekunde 90, zamu kwa zamu kwa dakika 20, na mwendo uwe wa mtu awezaye kuzungumza. Wiki ya tisa wakimbia nusu saa bila kusimama. Mimi zilinichukua wiki kumi na nne, maana nyingine nilizirudia, wala hakuna aliyesimama na bakora.

Nilipoweza, nikaenda Bushy Park Jumamosi saa tatu asubuhi. Hapo ndipo zilipoanzia, mwaka 2004, mbio za bure za kilomita tano, zikiwa na wakimbiaji 13 tu. Leo zimeenea nchi nyingi. Kuna mtu ambaye kazi yake ni kutembea nyuma ya wote, ili asiwepo mgeni wa kuitwa wa mwisho. Adabu hiyo nimeipenda sana.

Zito kwangu halikuwa pumzi, bali maneno. Mamangu mdogo alinipigia simu kutoka Mji wa Kale: "Mwanangu, wafukuzwa na nani huko?" Kisha akaja na lile neno la mwanamke wa heshima. Navaa suruali pana, kanzu ifikayo magotini na mtandio mwepesi ulioshonwa usipeperuke. Stara iko wapi kama si hapo? Mwaka 2024 Sifan Hassan alishinda mbio za marathoni za Olimpiki mjini Paris, akapanda kupokea dhahabu yake amevaa hijabu. Na tangu chuoni twaisikia habari ya Bibi Aisha aliyeshindana mbio na Mtume (S.A.W.): mara ya kwanza Bibi Aisha akashinda, na baadaye, mwili ulipomjaa, Mtume akashinda. Twaisimulia kwa kicheko kama mzaha wa mume na mke, halafu twamwambia mwanamke mwenye sukari akae ndani apumzike.

Wanaume wetu wana mpira wao jioni, na hakuna awaulizaye wafukuzwa na nani. Ndugu zangu wa kike wangapi mjini Mombasa wana hata nusu saa ya kutoka jasho isiyokuwa ya jikoni?

Nikija likizo, inshallah, nitakimbia kule Mama Ngina baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijakaza. Mamangu mdogo amesema atakuja kuketi pale na chupa yake ya chai, amwone huyo anifukuzaye.