Sehemu Nane kwa Msimu: Ubora kwa Gharama ya Nani?

Nimechoka kusikia, hata darasani kwangu, kwamba misimu ya tamthilia za Marekani imekuwa mifupi kwa sababu tamthilia zenyewe zimekuwa bora. Hoja hiyo inamsahau aliyeshika kalamu.

Tuitazame historia. Msimu wa kwanza wa I Love Lucy, wa 1951 hadi 1952, ulikuwa na sehemu 35. Star Trek ilianza mwaka 1966 kwa sehemu 29, na kufikia miaka ya 1990 sehemu 22 hivi ndizo zilizokuwa desturi. Stranger Things ilianza mwaka 2016 kwa sehemu nane tu. Nayo sehemu ya mwisho ya msimu wake wa nne, mwaka 2022, ilipita saa mbili. Sehemu moja, ndugu zangu!

Sidai kwamba wingi ni ubora. Nimetazama misimu mingi ya sehemu 22 iliyochechemea tangu katikati, na The Sopranos ilitosheka na sehemu 13. Lakini waandishi wengi wenye uzoefu hulipwa kwa kila sehemu. Sehemu zikipungua huku kila moja ikirefuka na kuandaliwa kwa miezi mingi zaidi, ujira uleule unatandazwa juu ya muda mrefu zaidi. Hapo zamani tamthilia ilipokaribia sehemu 100 iliweza kuuzwa kwa vituo vingine na kurudiwa kila siku, na kila marudio yalimwingizia mwandishi chochote. Sehemu nane zitafika lini huko?

Kinachoniuma zaidi, kama mwalimu, ni kijana anayeanza. Msimu mrefu ulimweka kazini sehemu kubwa ya mwaka, na mara nyingi aliona alichoandika kikipigwa picha. Sasa wengi huitwa kwa wiki chache, huandika, kisha huachishwa kabla kamera haijawashwa.

Ndiyo maana chama cha waandishi, WGA, kiligoma kuanzia tarehe 2 Mei 2023, kwa siku 148. Mgomo huo uliitwa uroho wa watu wa Hollywood. Miongoni mwa yaliyopatikana ni idadi ya chini ya waandishi watakaoajiriwa pamoja na muda wa chini wa ajira yao. Wanaousifu ufupi kwa jina la sanaa watueleze: kama ilikuwa sanaa tu, kwa nini hayo yalihitaji mgomo?