Kofia Nyekundu Hailipi Nauli

Ikifika wiki ya kwanza ya Disemba, mji wa Runyenjes huanza kujipamba. Kwenye maduka na ofisi zilizopanga foleni kando ya barabara ya Embu kwenda Meru, utaona riboni za kumetameta zimening'inizwa juu ya kaunta, baluni kwenye milango, na keshia amevaa kofia nyekundu yenye manyoya meupe huku jasho likimtiririka saa saba mchana. Wimbo ni ule ule tangu kufungua hadi kufunga. Halafu kwenye kikundi cha WhatsApp cha wafanyakazi inaingia meseji ya bosi: wapendwa, mwaka huu tulete roho ya sikukuu kazini! Chini yake inafuata ya pili: kila mtu atume 500 kufikia Ijumaa, tununue keki na soda.

Yaani tuchangie kufurahishwa.

Kabla hujaniita mchawi wa sikukuu, jua kwamba naipenda Krismasi. Napenda chapati za kupikwa na watu sita kwenye jiko moja, mukimo, mbuzi anayesubiri nyuma ya nyumba bila habari, na mabinamu wanaoshuka kutoka Nairobi wakijifanya wamesahau Kiembu. Hayo yote yako nyumbani, na kuyafikia kunahitaji vitu viwili: siku na nauli. Bosi analeta kofia.

Sheria haina maneno mengi hapa. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kwa kila miezi 12, na angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku 7. Kanuni za mishahara zinasema saa za ziada unazofanya siku yako ya mapumziko au sikukuu ya umma zilipwe mara mbili. Tarehe 25 na 26 Disemba zote ni sikukuu za umma. Sasa jaribu kutaja hayo kwenye mkutano wa kupanga rangi za nguo za sherehe, uone vile macho yanakugeukia.

Mimi nimewahi kufanya kazi mahali, sitapataja, ambapo tulishinda kaunta Krismasi mbili mfululizo. Malipo ya mara mbili hatukuyaona. Tulichoona ni kipande cha keki kwenye tishu, na picha ya pamoja iliyobandikwa mtandaoni ikisema sisi ni familia. Familia gani hiyo ambayo baba yuko kwake anachoma nyama, na watoto wanamchungia duka?

Na huku kwetu ndiko jambo hili linanishangaza zaidi, kwa sababu sisi ni watu wa bonasi. Kila mwaka, kuelekea Oktoba, viwanda vya chai vilivyo chini ya KTDA hutangaza kila kimoja kitalipa shilingi ngapi kwa kilo ya majani mabichi. Rukuriri imetoa ngapi? Mungania je? Kathangariri? Wazee wasiojua bei ya bando watakutajia tofauti hadi senti, na wakiona wamepunjwa hawanyamazi. Wanajua kwamba hata ikiitwa bonasi, hiyo si zawadi ya mtu. Ni salio la majani waliyochuma, wakabeba mgongoni, wakapima kituoni mwaka mzima huku wakilipwa kidogo kila mwezi. Hebu nenda Kyeni umwambie mkulima wa chai kwamba mwaka huu badala ya bonasi kutakuwa na keki, na avae nyekundu na nyeupe. Utarudi Runyenjes mbio bila viatu.

Sasa mkulima huyo huyo ana msichana aliyeajiriwa mjini, na msichana huyo anaambiwa aseme asante kwa soda.

Kuna ujanja mwingine, na huu ndio unaouma polepole. Mshahara wa Disemba unalipwa tarehe 20, na bosi anautangaza kama ukarimu: nimewafikiria, mkasherehekee vizuri. Pesa ni yetu, tumeifanyia kazi, imeletwa tu mapema. Lakini wa Januari hauji tarehe 20. Unakuja tarehe 31. Hesabu mwenyewe: siku 42 kwa mshahara wa mwezi mmoja, na katikati kuna kodi ya nyumba, karo, yunifomu na madaftari. Halafu tunacheka mtandaoni kuhusu Njaanuari kana kwamba ni hali ya hewa. Sehemu ya njaa hiyo imepangwa ofisini na kufungwa riboni. Mtu angeulizwa tu: unataka yote sasa, au nusu sasa na nusu mwisho wa mwezi? Swali hilo halina gharama yoyote. Sijawahi kuulizwa.

Halafu hii roho ya sikukuu ina watu inaowaona na watu isiowaona. Pale nilipokuwa tulikuwa na mwenzetu Msabato. Mti wa Krismasi haukumsumbua hata kidogo, alisaidia hadi kufunga taa zake. Shida yake ilikuwa Jumamosi. Aliomba abadilishane na sisi, awe anafanya Jumapili. Akaambiwa Jumamosi ndiyo siku ya biashara, awe na moyo wa timu.

Waliotuletea mapambo haya nao wana hadithi yao. Charles Dickens alichapisha A Christmas Carol mwaka wa 1843, na watu hukumbuka mizimu na bata mzinga. Mimi nakumbuka karani, Bob Cratchit, akiomba siku moja tu ya mapumziko, na bosi wake Scrooge akinung'unika kwamba atalipa siku isiyofanyiwa kazi. Na Scrooge anapobadilika, anamwambia Bob atamwongezea mshahara. Hiyo sehemu huwa haifiki kwenye kadi.

Najua jibu: wewe hujui biashara ndogo, Disemba ndiyo mwezi wa kuokota. Sawa kabisa, na wanaookota ni hao walio kaunta. Isitoshe, biashara ndogo ndizo zinazonipa matumaini. Hapa mjini kuna mama mwenye kihoteli cha meza nne na msichana mmoja anayemsaidia. Hana hata riboni. Tarehe 24 saa sita mchana anafunga, anampa msichana mshahara wake, kilo mbili za nyama, unga, mafuta, na nauli kando, kwa sababu msichana anatoka Busia na lazima apitie Nairobi, na mnajua magari yanavyopandisha bei wiki hiyo. Anamwambia, rudi tarehe 2. Mwenye ofisi ya watu ishirini anashindwa na nini?

Ninachotaka ni karatasi moja. Ratiba ya zamu ibandikwe ukutani kabla Novemba haijaisha, ili anayetoka mbali akate tiketi mapema. Aliyefanya Krismasi mwaka jana apumzike mwaka huu. Anayefanya 25 na 26 aone malipo yake yameandikwa hapo hapo kando ya jina. Na jina la bosi liwe kwenye orodha kama yetu. Aje na kofia yake, asimame kaunta hadi saa nane, awahudumie wateja wanne wa siku hiyo, wawili kati yao wakiwa wanatafuta tu chenji ya elfu.