Goma: Maumivu ya muundi hayaponi kwa kidonge

Vijana wengi wanaokimbia asubuhi hapa Goma wanayajua maumivu haya: upande wa ndani wa muundi, chini ya goti, unauma kila hatua. Wanameza diclofenac na kuendelea. Kidonge kinatuliza uchungu tu. Mfupa unazidi kuchoka, na mwisho unaweza kupasuka. Kwa kijana wa chukudu, mguu huo ndio unaolisha nyumba.

Ardhi yetu ni mawe ya Nyiragongo, na viatu tunanunua vikiwa vimekwisha valiwa. Hayo hatuyabadilishi leo. Lakini kuongeza kilomita ghafula kwa sababu mashindano yamekaribia, hilo ni kosa la makocha, wale wale wanaomwita mvivu kijana anayeomba kupumzika.

Bonyeza kwa kidole. Uchungu ukienea kwenye mfupa, acha mbio majuma mawili au matatu, panda baiskeli, kisha urudi polepole. Ukiuma sehemu moja tu, hata usiku umelala, umwone daktari. Na kama radio ya kwanza haionyeshi kitu, usikimbilie uwanjani: ufa mdogo mara nyingi unaonekana baadaye.